Rimu Nyeusi za Mpiga Kinanda

Mimi Notburga, Burgi kwa wanaonijua, hupiga kinanda katika kanisa letu la kilimani, hapa Tirol kwenye milima ya theluji, na karibu maisha yangu yote nimeendesha magari yenye sura ya kabati la nguo. Nilipostaafu ualimu nikanunua gari la spoti, lililokwisha kutumika, jekundu, la viti viwili. Liko chini mno. Kuingia, nikae kwanza, kisha niikusanye miguu ndani mmoja mmoja kama kuni. Kutoka ndiyo kazi. Dada yangu Kreszenz, ninayeishi naye, huja kunivuta mikono yote miwili.

"Toka basi, bingwa wa mashindano," husema.

Majirani walidhani nimepata mchumba. Sikuwasahihisha.

Vilele vilipoanza kuvaa weupe, nikajua gari linahitaji magurudumu ya baridi, rimu na tairi zake. Mimi ni mwalimu. Sinunui hata sindano bila kuisoma. Nikasoma usiku na mchana. Kisha nikaanza kufundisha watu ambao hawakuniuliza. Mezani, huku supu ikipoa, nilimweleza Kreszenz kwamba gari langu linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma ni jepesi. Kwa hiyo kwenye theluji linataka tairi nyembamba, maana nyembamba huikata theluji ikakanyaga lami, na pana huelea juu yake. Na rimu iwe ndogo, tairi inenepe ubavuni, ihimili mashimo. Ila isiwe ndogo mno, isije ikagusa breki. Nilimweleza haya hata Padre Severin, kwenye sakristia, akiwa anavaa mavazi ya misa.

"Amina," alisema Padre, akatoka.

Basi nikaenda kwa Korbinian, muuza tairi wetu, nikamsomea somo langu lote. Alinisikiliza amekunja mikono.

"Sina la kuongeza, Bi Burgi," akasema. "Umejichagulia mwenyewe. Hizi hapa."

Akanionyesha rimu za rangi ya fedha, zimetulia kama sahani za hospitali. Nikafungua mkoba. Na hapo, shetani hana likizo, nikatazama ukutani. Zilikuwa zimetundikwa rimu nyeusi, kubwa, zinang'aa, spoki zake nyembamba kama vidole vya mpiga kinubi.

"Na zile?"

"Zile pia zinaingia kwenye gari lako, na tairi zake ni za baridi. Lakini pana." Akajikuna shingo. "Zile huchukuliwa na vijana, Bi Burgi."

Angesema neno lingine lolote duniani ningenusurika.

Nilipofika nyumbani, Kreszenz alilizunguka gari. Akainama, akapima upana wa tairi kwa kiganja.

"Mwezi mzima umenihubiria wembamba. Hii ni nini?"

"Ni ya baridi. Ina meno."

"Hata babu alikuwa na meno, ila yalikaa kwenye glasi."

Likaja anguko la kwanza kubwa la theluji, na siku hiyohiyo tulikuwa tunamzika mzee Vinzenz, mfuga ng'ombe. Kreszenz akavaa mabuti.

"Twende kwa miguu. Ni hapo tu."

"Nikienda kwa miguu, rimu nimenunua za nini?"

"Haya. Tutaonana kanisani, Mungu akipenda."

Kwenye tambarare nilikwenda kama malkia. Kona ya chini ya kilima nikaipinda vizuri, nikajisifu kwa sauti. Katikati ya mwinuko magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, yanalia. Nikaongeza mafuta, jambo ambalo nilikuwa nimewaonya watu wote wasilifanye. Gari likasimama, likafikiri, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu, likageuka ubavu, likalala kukingama njia nzima kama ng'ombe aliyeshiba.

Na chini yangu msafara wa mazishi ulikuwa unapanda: bendi ya tarumbeta, Padre, jeneza, mjane, kijiji kizima. Muziki ukafifia ala moja baada ya nyingine. Padre akaja dirishani.

"Burgi, huwezi kwenda mbele?"

"Siwezi, Padre."

"Na nyuma?"

"Nyuma linakwenda lenyewe. Ndiyo shida."

Nilitamani theluji inifunike hapohapo. Ndipo nikasikia kicheko. Alikuwa Filomena, mjane mwenyewe, ndani ya nguo zake nyeusi, amejishika mbavu.

"Jamani! Vinzenz alikuwa akisema mazishi ya huku yanachosha!" Akafuta macho, akafungua mlango wa pili, akajitumbukiza kitini. "Magoti yangu yamekwisha. Ninyi wanaume, sukumeni!"

Nani amkatalie mjane? Wapiga tarumbeta wakaweka ala zao chini. Wanene wawili wakakalia kifuniko cha buti ya gari ili lipate uzito nyuma, wengine wakasukuma.

"Taratibu na mafuta, Mwalimu!" mmoja akapiga kelele. "Wewe ndiye uliyetufundisha!"

Tukapanda hivyo hadi mlango wa kanisa, jeneza likitufuata. Kreszenz alikuwa amekwisha kufika, amesimama ngazini mkavu kabisa. Alininyooshea mikono tu, akanivuta nje mbele ya watu wote.

Nilipiga kinanda misa nzima. Nikitazama chini kutoka roshani niliwaona wanabendi wamepanga mstari, makoti yao ya sherehe yamerushiwa tope jeusi hadi kifuani, na kila mmoja akikwepa kumtazama mwenzake asije akacheka.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Korbinian. Habari zilikuwa zimenitangulia, kwa hiyo alizishusha zile za fedha kabla sijaketi. Nyeusi nimezivisha tairi za kiangazi, zinasubiri ghalani. Sasa gari langu linafanana na simba aliyevaa soksi za shule, lakini linapanda.

Filomena hunipigia simu kila siku ya soko. Ng'ombe ameuza, nyumba ni kimya, na basi halimfurahishi tena. Hukaa kando yangu, kikapu mapajani, skafu ameifunga kidevuni, na tukifika kwenye kona hunigonga bega.

"Kanyaga kidogo, Burgi. Kidogo tu."

Nami hukanyaga.