Injini Iliyonyamaza

Mume wa dada yangu mtaa mzima unamwita Dereva, ingawa ni miaka kumi na minne sasa tangu astaafu kuendesha magari ya idara ya maji. Gari lake mwenyewe alilinunua akiwa bado kapera, tena mkononi mwa mtu. Gia iko pale pale kwenye usukani, kiti cha mbele ni benchi moja refu, na mlango wa nyuma humfungukia aliyeuzoea tu. Kwa kuwa gari liliingia nyumbani miaka miwili kabla ya dada, Dereva huliita Bi Mkubwa, na dada yangu ndiye bi mdogo. Dada ameucheka utani huo miaka arobaini na sita. Mimi shemeji mtu, fundi cherehani, ninayeishi chumba cha uani tangu nifiwe na mume, niliacha kuucheka mwaka wa kwanza.

Mwaka huu mzee alikosa kutulia. Kabla ya chai boneti iko juu. Anawasha, anainama, anazima, analizunguka gari, anawasha tena. Anaingia ndani, anakaa kidogo, anatoka. Chai inapoa mezani na dada anaitazama tu.

"Imenyamaza," aliniambia asubuhi moja. "Injini imenyamaza, shemeji. Na kimya kingi kina mshindo mkuu. Kuna kitu kinakufa humu ndani."

Injini hizi za zamani zina mlio mdogo wa vali zikifunguka na kujifunga, tik-tik-tik. Dereva wa enzi zake hatazami mshale wowote. Anabadilisha gia kwa kusikiliza. Sasa ule mlio aliokuwa akiusikiliza maisha yake yote ulikuwa umemtoroka.

Alichokiogopa nakijua, kwa sababu alikisema mwenyewe. Dada ana kidonda mguuni, ngazi za basi hazimudu, na kila Jumatatu na Alhamisi Dereva humpeleka zahanati kubadilishiwa bandeji. "Bi Mkubwa akifa," alisema, "mimi si dereva tena. Nitakuwa mzee wa kukaa sebuleni na rimoti."

Akaenda gereji kwa Spana, fundi wake tangu wote wawili wakiwa na nywele. Spana akakagua plagi, akakagua mafuta, akasema injini ni nzima, ng'ombe hazeeki maini. Dereva akamwita mvivu. Wiki iliyofuata akarudi. Mara ya tatu Spana akamwambia, "Kaka, mimi ningekuwa na afya ya gari hili ningeoa tena." Wakatupiana maneno mpaka mafundi wengine wakaacha kazi kusikiliza, na Dereva akaapa kwamba gereji ile hataikanyaga tena.

Basi akalitengeneza mwenyewe. Akafungua kifuniko cha juu cha injini, akalegeza nati za vali kidogo, akasikiliza. Akalegeza tena, akasikiliza. Siku nzima alishinda hapo, mgongo umepinda, hataki kula wala kuambiwa. Jioni akajinyoosha, anatabasamu. "Sasa naisikia," akasema.

Loo! Hata mfu angeisikia. Gari lilikuwa likigonga kama mtu anayetikisa vijiko ndani ya sufuria, na jirani alifunga dirisha. Nilimwambia kelele zimezidi, akanitazama mdomo, akanijibu nikashone nguo zangu. Nami kwa hasira nikamrushia, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Leo nikiyakumbuka maneno hayo naona haya.

Alhamisi tukatoka, dada nyuma amenyoosha mguu kwenye kiti, mimi mbele. Dereva aliendesha ameinamisha kichwa kuelekea usukani, anaifuatilia injini yake, gia ya pili, gia ya tatu. Kwenye njia panda ya soko lori la kokoto likawa linateremka kutoka upande wangu, honi mfululizo. Honi ile ilinitetemesha mbavu. "Baba, simama!" dada alipiga kelele. Dereva akaendelea taratibu, kichwa kimeinama, hana habari. Nikamshika mkono nikamvuta. Akakanyaga breki, lori likapita mbele ya pua yetu na kuondoka na taa moja ya mbele.

Dereva akashuka kwa hasira. "Mtu gani huyu? Kwa nini hakupiga honi?"

Nilimtazama dada, naye akanitazama. Hapo ndipo nilipojua, na niliumia moyo kuliko nilivyoogopa lile lori.

Gereji ya Spana ilikuwa karibu, na taa imevunjika, kwa hiyo kiapo kikawekwa kando. Nilimvuta Spana pembeni nikamweleza. Alikwenda kuchukua bisibisi ndefu, ile ambayo mafundi wa zamani huweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, wakasikia kila kinachotikisika mle ndani. Akamgusa Dereva begani, akampa.

Dereva akaweka bisibisi, akafumba macho. Uso wake ukachanua. "Huyu hapa!" akasema. Halafu akakunja uso. "Lakini zinagonga vibaya mno. Nani amelegeza vali hizi?"

Akaondoa bisibisi sikioni. Akairudisha. Akaiondoa tena. Injini ilikuwa ikipiga makelele mbele yake, sisi tumekunja nyuso, naye anatazama midomo yetu, ya huyu, kisha ya yule.

Ufunguo alimpa Spana bila kuambiwa. Akafungua mlango wa nyuma, akauinua mguu wa dada polepole, akakaa, akaupakata. Tangu alinunue gari lile, nyuma hakuwahi kukaa.

"Umekuwa ukiniita?" akamuuliza.

"Kila siku."

"Uniambie nini?"

Dada akasogea hadi sikioni kwake. Ilibidi aseme kwa nguvu, kwa hiyo mimi na Spana tulisikia pia.

"Mwezi wa pili nilikuuliza kama umenichoka. Ukainuka, ukaenda kufungua boneti."

Spana alikuwa ametuingiza barabarani. Akatia gia ya pili mapema mno, gari likashtuka na kukoroma. Dereva hakugeuka hata kumtazama. "Hapana," alikuwa akimwambia dada, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, watu wa kando ya barabara wakigeuka kututazama. "Hapana, mama. Hapana. Hapana."