Neno Lililokatazwa Garini

Mwanangu, ipo siku moja ya baridi ambayo hainitoki kichwani. Tulikuwa tunatoka kaskazini ya nchi hii kuja Stockholm, mimi nimeshika usukani, na ndani ya gari wamo Waskoti wanne na vyombo vyao vya muziki. Nimeikumbuka tena juzi ulipokuja hapa Fittja kunisalimia. Ulichelewa, ukasema ulisinzia kwenye treni ukapitilizwa mpaka Norsborg, mwisho wa njia. Nikakuuliza kama umechoka. "Hapana, baba mukubwa, niko muzuri tu," ukanijibu, kisha ukalala kwenye kochi langu na koti la kazi mwilini. Mama yako alipopiga simu kutoka Uvira ulishtuka ukamwambia hivyo hivyo, uko muzuri. Sikutaka kukuumbua mbele yake, ndiyo maana nakueleza leo.

Enzi hizo nilikuwa kijana kama wewe, napakia mizigo kwenye ghala moja kule Märsta. Bwana mmoja aliyekuwa akileta wanamuziki wa nje alikosa dereva, akasikia kuna Mkongo mwenye leseni na Kiingereza. Kiingereza chenyewe nilikiokota Kampala tulipokuwa wakimbizi. Kiingereza cha wale Waskoti kilikuwa na mawe ndani yake, na siku za kwanza nilicheka tu pale walipocheka wao.

Mkubwa wao aliitwa Duncan, mzee wa ndevu nyeupe, mwimbaji na mpiga kodiani. Isla alikuwa binti mwembamba wa kupiga fidla. Waliobaki walikuwa ndugu wawili, mmoja wa gitaa, mwingine wa lile zumari lao la mfuko ambalo likilia chumbani unatamani kuwa chumba kingine. Nyimbo zao zilikuwa za kale, za wachungaji na mabaharia wa kwao, na Wasweden walizipenda sana.

Watu huona jukwaa, mwanangu. Mimi niliona soksi zikikaushwa juu ya kipasha joto cha gari, mkate na jibini asubuhi, mkate na jibini jioni, na makochi ya watu tusiowajua. Tukifika mahali, vyombo ndivyo vilivyoingia ndani kwanza, kwa sababu baridi hupasua mbao za fidla na kuharibu sauti ya zumari. Watu walifuata baadaye. Na onyesho likiisha kazi haikuisha, maana wenyeji waliwaalika jikoni kwao wapige pamoja, na kwa watu wa muziki huo kukataa mwaliko kama huo ni utovu wa adabu. Basi wakapiga tena, huku macho yamewaiva.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Ndani ya gari lile kulikuwa na sheria moja, nayo aliiweka Duncan. Neno "nimechoka" lilikatazwa. Atakayelitamka atashusha mizigo yote peke yake kituo kinachofuata, maspika, nyaya, vyombo, kila kitu, na wenzake wamesimama wanamwimbia. Siku za mwanzo tulifurahi nayo. Mtu akipiga miayo tulimkazia macho tukingoja ateleze, naye anaziba mdomo huku anacheka. Wiki zilivyozidi kwenda kicheko kiliondoka, sheria ikabaki.

Siku hiyo ninayokwambia tulisimama kituo cha mafuta karibu na Gävle. Wenzetu waliingia ndani kununua kahawa. Isla alibaki, akaniletea chupa yake ya chai nimfungulie kifuniko. Nilicheka, nikamwambia mtu anayekamata fidla vile anashindwa na kifuniko? Hakucheka. Alinionyesha mkono wake wa kushoto, vidole viwili vya mwisho.

"Hivi havina habari tena," alisema. "Tangu tulipopiga Umeå. Navipeleka kwenye nyuzi kwa macho, sivihisi."

"Mwambie mzee."

"Leo ni Stockholm. Ukumbi umejaa. Nikilisema lile neno, nitakuwa mimi ndiye niliyeshindwa safari. Tafadhali usimwambie."

Nikamwahidi. Moyo uliniuma, kwa sababu nilijua binti yule hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya mkono ule, na jioni ile alikuwa anaenda kuumaliza. Lakini ningemsema vipi, na mimi mwenyewe nilikuwa na langu? Tangu asubuhi barabara ilikuwa inakuja na kuondoka machoni pangu. Nilikuwa nimejifungulia dirisha upepo wa barafu unipige, nimejifinya mapaja mpaka yakafa ganzi. Mimi, mgeni, mweusi peke yangu garini, kazi nimeipata kwa bahati, niwe wa kwanza kusema nimechoka? Nilijiambia nitakufa kwanza. Ujana una majivuno ya kijinga, na ya kwangu yalikuwa mengi.

Tulipita Uppsala jua likiwa linazama, na unajua huku jua la baridi linazama mtu hata chakula cha mchana hakijashuka tumboni. Duncan alikaa kando yangu. Nyuma walikuwa kimya. Sijui nilipotelea wapi. Nilichosikia ni tairi likinguruma juu ya vile vijongo vya ukingo wa barabara vinavyoamsha madereva, nikaurudisha usukani, na lori likatupita kwa honi ndefu.

Duncan hakupiga kelele.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Niko sawa." Neno "mzee" nilikuwa nimewafundisha mimi.

Aligeuka akatazama mbele. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Mimi nimechoka. Simama."

Gari zima lilishtuka. Mmoja wa wale ndugu alianza kucheka, akaacha. Nilichepuka Märsta, nikaegesha nyuma ya duka moja. Duncan alinifuata nje, kwenye theluji, akasimama mbele yangu.

"Nimekuuliza swali dogo ukanidanganya," alisema. "Roho zetu zote ulizishika wewe, na bado ukanidanganya. Kwa nini?"

Hasira zilinipanda, maana aibu ikizidi hugeuka hasira. Nikamwambia, "Mzee, sheria ni yako."

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Akatazama viatu vyake, akasema, "Ni yangu, kweli. Niliiweka nikiwa kijana kama wewe, tukiwa tunacheza. Wewe usinidanganye tena, hata kama sheria ni ya mfalme."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na Isla alikuwa amesikia yote. Alishuka akaja mpaka pale tulipo, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya mzee, akasema, "Na mimi nimechoka, Duncan. Vidole vimekufa." Mzee aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaubonyeza kidole kimoja kimoja, akimwuliza hapa unasikia? na hapa? Kila Isla alipojibu hapana, uso wa mzee ulizidi kuanguka. Wale ndugu wawili nao walishuka, wakasema wamechoka tangu wiki iliyopita. Tukawa watu watano tumesimama kwenye theluji tukiambiana jambo ambalo kila mmoja alilijua.

Tulilala palepale garini kama saa moja, wote, vyombo vimefunikwa kwa makoti yetu. Ukumbini tulifika tumechelewa, na mwenye ukumbi alitupokea kwa maneno makali. Isla hakupiga. Alikaa viti vya mbele akilia waziwazi, na Duncan aliimba ameketi, mambo ambayo sikuwahi kumwona akiyafanya. Asubuhi yake tulimpeleka Isla hospitali. Daktari alimwambia ameuwahi mkono huo, lakini fidla aiweke chini mpaka majira ya kuchipua. Aliiweka. Baadaye vidole vilirudi, na mpaka leo anapiga.

Kwa mwaka mzima nilijisifu kwamba mzee yule alilisema lile neno kwa ajili yangu, kuniokoa na aibu. Majira ya baridi yaliyofuata walikuja tena bila yeye. Nikamwuliza Isla mzee yuko wapi. Aliniambia Duncan ameacha safari, yuko nyumbani kwake, analala mpaka jua linatoka. Kisha akaniambia jambo ambalo Duncan alimwambia melini wakirudi kwao. Alisema alikuwa akitaka kulisema lile neno kwa miaka mingi. Kila safari alitazama nyuso za vijana nyuma ya gari, akafunga mdomo, kwa hofu kwamba siku akilitamka watajua amekwisha. Siku ile barabarani aliniona nimekataa wakati macho yanajifumba, akajiona mwenyewe. Hakuwa ananisaidia tu, mwanangu. Mzee yule alikuwa amechoka kweli, na hakupata hata mtu mmoja wa kumwuliza.

Sasa nakuuliza wewe, na mara hii usinijibu muzuri tu. Unaondoka alfajiri kwenda kusafisha ndege, unarudi unavaa koti jingine kwa kazi nyingine. Bosi akikupigia kukuongezea zamu unasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Mama yako unamficha asiogope, wenzako unawaficha wasikucheke, na mimi je, unanificha nini? Unadhani ukisema umechoka tutaona umeshindwa Ulaya. Hakuna anayekungoja ushindwe. Tunakungoja uje ule ugali ukiwa na macho yanayoona sahani.

Nasaha yangu ni fupi. Sema ungali na mkono wa kuokoa na barabara ya kurudia. Usingoje mkubwa wako aanze, maana huenda naye anakungoja wewe. Na ukimwona mwenzako anajibu yuko sawa huku anasinzia, mwulize mara ya pili, kwa upole, na ukae mpaka ajibu. Usiwacheke wanaosema. Kucheka ndiko kulikotufunga midomo sisi.

Mungu akulaze usingizi mzito usio na kengele ya simu. Akupe kazi inayokuachia jioni, na nyumba ambayo unaweza kuvua viatu na kusema kweli. Mikono yako ikuzeekee ikiwa mizima. Na Jumapili usiende kazini, mwanangu, njoo ulale hapa. Na mimi nimechoka kukaa peke yangu.