Divai Changa ya Mdogo Wangu

Leo nimemwambia mdogo wangu divai yake ni kali.

Elia analima zabibu Dodoma. Amechanganya aina mbili nyekundu za msimu mmoja, akanitumia chupa kwa basi huku Tabora. "Dada, onja, niambie ukweli."

Nikamwita jirani yangu, Mama Zuhura. (Najua ni Mwislamu. Sikuwa na mwingine wa kumwita.)

Akacheka. "Siinywi mwanangu, ila kunusa nitanusa." Akasema inanukia zambarau, akaenda kuswali.

Nikabaki peke yangu mezani. Tangu nihamishiwe huku kikazi, sijawahi kula na mtu hapo.

Nikaonja. Rangi nzuri, zabibu unazisikia, ila inakausha ulimi. Bado changa. Ikikaa mwaka mmoja itatulia.

Nikampigia Elia, nikamweleza yote.

Nikadhani nimemuumiza.

Kisha akasema taratibu, "Niliwatumia ndugu wote, dada. Ni wewe tu uliyepiga."

Nikamimina kidogo tena, simu ikiwa sikioni. Hakuna aliyekata simu.

Nusu chupa bado ipo. Kuna mtu wa mtaa wetu wa Kitete anayesoma hapa? Karibu, hata kunusa tu.