Mama Daftari na Umbali wa Mlima Kwaraa

Maji yaliyochemshwa kwa kuni hubaki na harufu ya moshi hata yakishapoa. Mwezi uliopita nilipewa glasi ya maji hayo katika nyumba ya wageni huko Tunduru, na kabla sijamaliza funda la kwanza nilikuwa nimerudi Babati, nina miaka kumi na mmoja, miguu imevimba kwa safari.

Mimi ni mtu wa kuhamahama, msomaji wangu. Nimekaa miji mingi mpaka mingine naichanganya. Lakini ile safari ya kwanza siichanganyi na nyingine yoyote. Baba alikuwa na kazi ya reli Kaliua, na mama alipofariki akaona nikalelewe na dada yake. Tulilala kwenye treni, tukashuka Dodoma, tukapanda basi la kupitia Kondoa, na vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye mayai tuliyobeba. Kila basi liliposimama nilimuuliza kondakta kama Babati bado ni mbali.

"Hapo tu, kijana."

Tulipofika Kondoa alisema hapo tu. Kolo, hapo tu. Bereko, tuliposhuka kuchimba dawa porini, hapo tu. Tulipopita Bonga na ziwa likaanza kuonekana, nilikuwa nimekwisha acha kuuliza.

Shangazi yangu watu walimwita Mama Ester, kwa jina la binti yake aliyeolewa Karatu. Alikuwa na gesti ya vyumba sita, kuta zimepakwa chokaa, shuka zimepigwa pasi ya mkaa mpaka zinasimama zenyewe. Alichemsha maji ya wageni kila asubuhi kwenye sufuria kubwa huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzito. Alikuwa mkarimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye, na katika ukarimu wake kulikuwa na sheria moja: mgeni akiuliza umbali, anaambiwa siyo mbali.

"Mtu keshachoka," aliniambia, "halafu wewe unamwongezea mawe mgongoni? Mwambie hapo tu, apate nguvu ya kufika."

Si yeye peke yake. Mzee Bura, fundi baiskeli aliyekaa mbele ya gesti yetu, alikuwa hivyo hivyo. Ungemuuliza njia ya Mbulu, angenyoosha kidevu na kusema, "Hapo nyuma ya kilima." Vilima vyenyewe hakuvitaja ni vingapi.

Mwaka wangu wa pili pale, mambo ya shangazi yaliharibika. Mabasi yalianza kusimama upande wa pili wa mji, na wageni wakalala huko huko yalikosimama. Wiki ilipita vyumba vyote vitupu, sisi tunapiga pasi shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Mnunuzi mmoja wa mahindi alikuja kupima vyumba kwa hatua. Alitaka kuvifanya ghala. Shangazi alimwambia asubiri mpaka baada ya mavuno. Nilijua maana yake. Gesti ikifungwa, yeye angekwenda kukaa kwa Ester, na mimi ningerudishwa Kaliua kwa baba, ambaye alikuwa safarini siku zote.

Hapo ndipo alipokuja yule mama wa Kizungu. Alikuwa mtu mzima, kiatu cha ngozi, kofia ya majani, Kiswahili cha darasani kilichonyooka. Alikuwa anaandika kitabu cha wasafiri: wapi pa kulala, maji gani ya kunywa, barabara ipi inapitika na mwezi gani. Aliandika kila kitu, hata bei ya ndizi, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa unamwita Mama Daftari.

Shangazi hakulala vizuri kwa furaha. "Huyu akituandika vizuri," alininong'oneza, "ghala wakalijenge kwingine."

Asubuhi ya Jumamosi Mama Daftari aliuliza kuhusu Mlima Kwaraa, ule uliosimama juu ya mji wetu.

"Siyo mbali," alisema shangazi. "Chai unakunywa hapa, chakula cha mchana unakula hapa hapa."

"Hapo tu, mama!" Mzee Bura alidakia. "Bibi zetu wanapanda na kuni kichwani."

"Wanashuka na kuni," nikasema. Shangazi akanikata jicho.

Nilitumwa kumwonyesha njia. Yeye alibeba chupa moja ya maji na pakiti ya biskuti. Mimi sikubeba kitu. Tulipita kitongoji cha Nangara, tukaacha mashamba ya mahindi na mbaazi, tukaingia msituni. Kila kona aliuliza kama tumekaribia, na kila kona nikajibu kama nilivyofundishwa. Maji yaliisha jua likiwa bado halijafika utosini. Wingu likashuka, njia ikawa ya kuteleza, naye akakaa kwenye jiwe akavua kiatu. Kisigino kilikuwa kimechunika mpaka damu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinitazama kwa utulivu akauliza, "Nikiandika kwamba siyo mbali, halafu mtu akaja na mama yake mzee, akakaa kwenye jiwe hili, itakuwaje?"

Nilikumbuka basi la Kondoa. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikijiandaa kushuka kila mara, natafuta viatu vyangu chini ya kiti, halafu basi linaondoka tena.

"Kileleni sijawahi kufika," nilisema. "Wanaofika huondoka nyumbani kabla jua halijatoka na kurudi linapozama. Tukiendelea hivi, huko juu usiku utatukuta."

Tulishuka polepole, yeye ameniegemea bega. Pale Nangara mama mmoja alitupatia maziwa mgando kwenye kibuyu, tukanywa bila kupumzika.

Jioni Mama Daftari aliweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akafungua daftari, na maswali yote akaanza kuniuliza mimi. Shangazi alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mbu wapo?"

"Wachache sana," shangazi aliwahi.

"Wengi," nilisema. "Na chandarua cha chumba namba nne kina tundu."

"Viboko wa ziwani?"

"Wapole hao! Tumewazoea," alisema shangazi.

"Jioni wanapanda nchi kavu kula majani. Mtu asikae kati yao na maji."

"Barabara ya Arusha, wakati wa masika?"

"Inapitika," shangazi alisema, sauti imeanza kukata tamaa.

"Mwaka jana basi lilinasa kwenye tope pale Magugu siku mbili. Abiria walikula miwa."

Mzee Bura alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi hakucheka. Mgeni alipoingia chumbani, shangazi aliniambia neno moja tu: "Umeniulia gesti." Kisha akachukua sindano, akaenda kushona chandarua cha namba nne. Kwa siku nyingi baada ya hapo nilichota maji bila kutumwa, nikiwaza treni ya Kaliua.

Mavuno yalipita. Mnunuzi wa mahindi alirudi mara mbili, na shangazi akamwambia asubiri tena. Sijui kwa nini. Mwaka uliofuata wakaja vijana wawili wageni na mabegi mgongoni, wameshika kitabu, kidole kimewekwa kwenye ukurasa. Waliulizia nyumba ya Mama Ester. Mwalimu wangu wa Kiingereza, niliyekimbia kumwita, alitusomea kwa Kiswahili pale pale barazani. Kitabu kilisema Babati inastahili siku mbili. Kilisema kwa Mama Ester shuka ni safi na maji yamechemshwa kweli. Mlima ni wa siku nzima, beba maji ya kutosha, uwe na mwenyeji. Na mwishoni: mwenye nyumba atakuambia kila kitu ni karibu, kuhusu chakula mwamini, kuhusu umbali muulize mtoto wake.

Shangazi alimwomba mwalimu arudie. Nilidhani ni yale ya umbali yamemuuma. Alipofika mwisho, shangazi aliuliza, "Ameandika mtoto wake?"

"Mtoto wake," mwalimu alisema.

Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Niliondoka nilipomaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimepata kazi ya stoo huko Mwanza, na sikurudi tena kukaa. Asubuhi hiyo nilitaka shangazi anisindikize mpaka stendi, kama desturi inavyotaka. Lakini vyumba vyote sita vilikuwa vimejaa. Nilimuaga akiwa barazani kati ya wageni wanne, anawapimia maji kwenye chupa, anawaambia kwa sauti ya kuamuru kwamba wasipoanza sasa hivi hawatafika kilele cha Kwaraa. Alinishika kichwa kwa mkono mmoja, akaniombea maneno machache, akawageukia. Nilivuka barabara peke yangu na begi langu, nimenuna, na nilinuna mpaka basi lilipofika Singida.

Nilikuwa mtu mzima kabisa, nimelala katika gesti nyingi zisizo na mgeni mwingine ila mimi, nilipoelewa nilichopewa asubuhi ile: nyumba iliyojaa, na shangazi asiye na nafasi ya kunililia.