Kidole cha Mzee Twalibu

Baba mkwe wangu, Mzee Twalibu, alikuwa akitengeneza hita za kuchemshia maji kwa nyembe mbili, njiti za kiberiti katikati, na waya. Miaka ile madukani hapakuwa na kitu, na maji yanayoshuka milima ya Uluguru mwezi wa saba yanauma mpaka kwenye mifupa, basi nusu ya mtaa ilioga kwa hita zake. Ukitaka kujua kama umeme umefika, unachovya kidole majini. Ukipigwa shoti, imefanya kazi. Mimi nilipigwa shoti hadi nikachukia kuoga.

Biashara huria ilipoingia, mume wangu akaleta birika la umeme kutoka Dar. Mzee akalichomeka, akachovya kidole. Kimya. Akasubiri, akachovya tena, akakiacha humo akiutafuta umeme, akakitoa kimebabuka.

Nilimpaka asali nikiwa nimeuma ulimi, maana mkwe hafokewi.

“Umeme haumo,” akasema, akikitazama kidole. “Sasa kimeniunguza nini?”

Usiku akalibeba birika chumbani kwake, pamoja na bisibisi.

Asubuhi yake nilipogusa birika nimimine maji ya chai, likanirusha hadi ukutani.

“Limepona,” akasema Mzee.