Mulango wa Kuku na Taa ya Shimoni

Sikuwa nimekunywa. Ninaanza na hilo, maana hapa Goma ukisimulia jambo kama hili, swali la kwanza ni "ulikunywa nini?" Sikunywa kitu, sikuwa na homa, na sikuota. Mutoto wangu Solange yuko pale ndani, ana miaka sita, muulize. Mukono wangu wa kushoto una alama, uangalie. Ukimaliza kuangalia, keti nikuambie.

Mimi ni fundi wa redio na simu, kibanda changu kiko Murara. Nyumba yetu iko juu kidogo ya Kituku, pale mitumbwi ya ziwa inapofikia, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, kama nyumba za majirani wote. Muke wangu, Mama Solange, anatoka saa kumi ya alfajiri kwenda kungoja mitumbwi ya sambaza, kisha anaenda kuuza hizo samaki Mabanga. Kuku kumi na wawili walikuwa wake. Banda lao nililijenga juu ya miguu ya mbao, na mbele yake kuna shimo ndani ya mawe, linapita kidogo kimo cha mutu aliyesimama, na humo kuku wanapenda kushuka kudonoa.

Kama wewe si wa hapa, sikia vizuri. Chini ya mawe yetu kunatoka hewa mbaya, tunaiita mazuku. Haina rangi, haina harufu. Usiku inajaa mashimoni kama maji ndani ya beseni, na chochote kinachopumua kikishuka humo kinalala, hakiamki tena. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukivuma, inaondoka. Kwa hiyo kwetu hakuna mutu anayefungulia kuku asubuhi hivihivi. Unawasha taa ya petroli, unaifunga kamba, unaishusha shimoni polepole. Ikizimika, kuku wangoje. Ikiwaka mpaka chini, fungua.

Kazi hiyo ilikuwa yangu, na mimi asubuhi ni muvivu, sikufichi. Kusimama kwenye baridi, kushusha taa mara tatu, mara nne, na kuku wanapiga kelele utafikiri wanachinjwa! Nikajiambia, mimi ni fundi wa nini sasa? Nikatafuta motere ya kufutia kioo kwenye gari bovu, batri ya pikipiki, kipande cha tole, lile bati la paa, kinachoteleza kati ya mbao mbili, kamba, na jicho. Jicho ni kile kidude kidogo tunachotoa kwenye taa za sola, chenye kujua mwanga na giza. Giza likiingia, tole inashuka. Mwanga ukija, tole inapanda. Hakuna mukono wa mutu.

Jioni ya kwanza majirani walikuja kuangalia, wakapiga makofi. Mama Solange peke yake alisimama na mikono kiunoni.

"Papa Solange, huo mulango wako unaona mazuku?"

"Nimeupanga ufunguke jua likipanda. Saa hiyo mazuku imekwisha kwenda."

"Taa ndiyo inajua. Jua haijui kitu."

"Wewe uza sambaza, mambo ya umeme uniachie."

Nilimujibu hivyo mbele ya watu. Mpaka leo ninaona haya.

Siku nne mulango ulifanya kazi vizuri kabisa. Solange aliupenda kuliko sisi wote. Akisikia motere inanguruma, anaruka kitandani na kukimbia kuokota mayai. Siku ya tano nilisikia motere kungali giza, nikajifunika blanketi. Kulipokucha nilikuta tole iko juu, na kuku wawili wamelala shimoni, miguu imenyooka.

Nikaangalia mulima. Unajua usiku mwingine moto wa Nyiragongo unapaka mawingu rangi nyekundu, unaweza hata kumutambua mutu njiani. Nikasema, ni huo mwanga umedanganya jicho. Nilicheka hata! Ni fundi gani mwingine duniani ambaye volkano inamufungulia kuku? Mama Solange hakucheka. Alichukua ile kamba na taa, akaniwekea mbele ya miguu, akaenda zake. Mimi nikazipita, nikaligeuza jicho, likaupa mulima mugongo, nikalielekeza upande wa ziwa. Upande wa ziwa ni upande wa shimo. Hapo ndipo nilipokosea, ulishike hilo.

Alfajiri iliyofuata Mama Solange alikuwa amekwisha kwenda Kituku. Nikasikia motere. Nikalaani, nikanyoosha mukono kitanda cha pembeni. Solange hayuko. Mulango wa nyumba uko wazi, baridi inaingia.

Nilitoka miguu mitupu. Mulima ulikuwa mweusi, mawingu meusi, hakuna wekundu popote. Tole ilikuwa juu. Na mwanga ulikuwa unatoka shimoni.

Nikasogea. Chini kulikuwa na taa ya petroli juu ya jiwe, inawaka wima, haitetemeki. Kando yake mwanamuke ameketi, amenipa mugongo, kitenge kichwani, anawaita kuku kwa sauti ndogo ya mudomo, vile mama yeyote anavyowaita. Solange alikuwa kwenye ukingo, miguu imekwisha shuka, mikono imeshika mawe.

Unajua nilifikiri nini? Haki ya Mungu, nilifikiri ni salama. Taa inawaka chini, basi mazuku haiko. Si ndivyo nilivyofundishwa tangu utoto? Moyo wangu ulitulia. Nikamusalimia hata.

"Mama, jambo. Wewe ni nani?"

Hakugeuka. Akasema, "Papa Solange, aksanti kwa kunifungulia. Wengine wote wananingojeshaga na taa zao."

Amejulia wapi jina langu? Ndipo nikawaangalia kuku. Walikuwa wote kumi, wamemuzunguka, na hakuna hata mumoja aliyedonoa. Walikuwa wamelala upande, macho wazi. Nikatoa kibiriti mufukoni, nikachuchumaa, nikawasha na kushusha mukono. Moto ukafa. Nikawasha tena. Ukafa. Na taa yake palepale chini inawaka vizuri. Eeh Yesu wangu!

"Solange, panda! Panda sasa hivi!"

Mutoto aliniangalia kama mutu mwenye usingizi, kisha mikono ikaachia. Aliteleza, akaangukia miguuni pa yule mwanamuke. Naye akamuwekea mukono kichwani, taratibu, vile unavyobembeleza mutoto alale.

Nilijaza kifua hewa, nikaruka. Nilijua nina pumzi moja tu. Nilimushika Solange kiunoni, na yule mwanamuke akanishika mukono wa kushoto. Utafikiri mukono wake ulikuwa baridi? Ulikuwa wa moto, kama kioo cha taa iliyowaka usiku kucha. Nilisikia ngozi yangu inaungua, na siwezi kupiga kelele, maana kupiga kelele ni kupumua.

"Muache," alisema. "Wangu pia walilala hapa. Hawakulia hata kidogo."

Nilijivuta kwa nguvu zote. Nikamuinua mutoto juu ya kichwa, nikamusukuma kwenye ukingo, nikapanda na kucha, kifua kinataka kupasuka. Juu nikapumua, nikaanguka. Solange hakusogea. Nilimupiga mugongoni, nikamuita, nikalia kama mutoto mwenyewe. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akaanza kulia, na kilio kile nilikipenda kuliko wimbo wowote. Nilipoangalia shimoni, giza tupu.

Jirani yetu, Mama Espérance, muzee aliyekaa pale kabla yetu, alikuja mbio na blanketi. Aliona mukono wangu, akaketi chini. "Amerudi," alisema. Ndipo akaniambia kile ambacho mwenye kutuuzia kiwanja hakutuambia. Mwanamuke mumoja alikimbia vita toka milima ya Masisi na watoto wawili. Alifika jioni, akapiga hema lake mule shimoni kwa sababu hakuna upepo. Hakuna aliyemuambia habari ya mazuku. Kila mutu alifikiri mwenzake atamuambia. Asubuhi waliwakuta watatu wamelala, na taa yake imejaa petroli, mazuku iliizima kabla haijapungua hata kidogo.

Motere niliitupa. Jicho nililivunja kwa jiwe. Shimo tumelijaza mawe, na banda tumelihamisha, tukatia kuku wengine. Mama Solange hakunigombeza hata neno moja, na mimi ningependa anigombeze. Solange ni muzima, anacheza, anasoma, lakini usiku hakubali taa iwake ndani. "Papa, zima," ananiambia. "Atafikiri tumemufungulia."

Na kila asubuhi mimi mwenyewe ninasimama kwenye baridi na ile kamba, maana mazuku inapita hata kati ya mawe. Asubuhi nyingine taa yangu inazimika, na katikati ya mawe kunabaki mwanga. Simuambii muke wangu. Ninangoja jua.

Wewe unayenisikia, tengeneza mulango wowote unaotaka, lakini kazi ya kuuliza usiupe mulango. Na ukiona taa inawaka mahali pa chini alfajiri, hata kama mutoto wako yuko karibu nayo, hata kama inawaka vizuri, shusha yako kwanza. Na mugeni akifika jioni na kutandika mahali pabaya, usingoje jirani amuambie. Toka, umuambie wewe. Sisi watu wa hapa hatukumuambia, na yeye bado anangoja mutu amufungulie.