Kioo Juu ya Kichwa cha Mama

Mtoto wa kaka yangu amenunua gari lenye kioo kwenye paa. Juzi alinijia, kwa kuwa anajua mimi ni mtu wa kueleza, akaniuliza kama akikitia giza kioo kile joto litapungua. Nikamkalisha. Nikamwambia litapungua, ila inategemea ni giza gani, limewekwa upande gani wa kioo, na hewa ya moto inapata wapi njia ya kutoka. Akaandika yote kwenye simu yake. Hakuuliza nilijifunzia wapi, nami sikumwambia. Nitaandika hapa.

Nilijifunzia ndani ya gari la baba yake, miaka ya Ujamaa, tulipokuwa tukikaa Ilala katika nyumba ya marehemu baba. Kaka alikuwa karani kwenye shirika la umma. Gari alilipata kwa familia moja ya Kihindi ya Upanga iliyokuwa ikihama nchi. Lilikuwa dogo, la milango miwili, na juu ya kiti cha nyuma lilikuwa na dirisha la kioo la mraba. Zamani lilifunguka lote; sisi tulilipata komeo lake limeshakufa, spea hakuna, likawa linainuka kidogo tu, upenyo wa kupitisha vidole. Kaka alilipenda dirisha lile kuliko injini. Jioni alikuwa akilifuta kwa kitambaa huku majirani wakipita, akingoja aulizwe.

Baba alipofariki, mama aliingia eda. Kwa msomaji asiyejua, nieleze taratibu. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura. Dini yenyewe ina nafasi kwa mgonjwa, na mashehe wengi watakwambia hivyo. Lakini kila nyumba ina mkazo wake, na kwetu mwenye mkazo alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyehamia kwetu siku ya mazishi kuja kumkalisha wifi yake eda. Kwake yeye, mjane hatakiwi kuonwa na mwanamume yeyote wa nje, hata kwa bahati mbaya, hata akiwa amejifunika.

Na mama alikuwa na shinikizo la damu. Kila wiki alitakiwa kliniki, kule Upanga. Dawa zilikuwa haba, kama kila kitu wakati ule, kwa hiyo walitoa vidonge vya wiki moja tu, na hawakutoa bila kumpima mgonjwa mwenyewe. Asiyekwenda hapati. Nilimweleza shangazi jambo hili polepole, mara nyingi, naye alikubali. Akasema mama ataenda kwa gari la kaka, madirisha ya pembeni yafungwe na yatundikwe khanga, na yeye mwenyewe atakaa mbele kulinda. Nilishukuru. Niliona tumevuka.

Safari ya kwanza ilitupitisha Kariakoo. Mbele ya duka la ushirika lilisimama lori la unga, foleni ya watu ikamwagika barabarani, tukakwama chini ya ghorofa. Mama na mimi tulikuwa nyuma. Jua liliingia kwa lile dirisha la juu likatukalia mapajani kama mtu. Mama akainua uso kidogo kutafuta hewa ya ule upenyo. Hapo hapo tukasikia sauti kutoka kwenye roshani ya juu. Mwanamume mmoja mwenye fulana alikuwa ameinamia ukuta anatutazama ndani ya gari kama mtu anayetazama kisimani.

"Mama! Pole sana na msiba! Mungu akupe subira!"

Alikuwa rafiki yake baba. Alisema kwa upole kabisa. Mama aliangukia mapajani mwangu akaficha uso, na shangazi akageuka kutoka mbele.

"Umeonekana! Wifi, umeonekana! Eda imeingia doa!"

"Shangazi, amempa pole tu," nikasema.

"Pole ya kuchungulia? Angeshuka akaja barazani kama watu!"

Hospitali tulifika, akapimwa, vidonge tukapewa. Lakini usiku ule mama alisema hatoki tena mpaka dirisha la juu lizibwe. Sikumlaumu. Alikuwa ameishi na baba miaka mingi, na eda ndiyo kazi ya mwisho aliyobaki nayo ya kumfanyia. Alitaka kuifanya bila kasoro.

Basi ikawa lazima kioo kitiwe giza, na swali likawa kitiwe kwa kitu gani. Jioni nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima pale Ilala, na wanafunzi wangu nilikuwa nimewahi kuwaonyesha makopo mawili ya maziwa ya unga, moja limepakwa masizi nje, lingine chokaa, yote yamejaa maji, yamekaa juani. Niliyaleta nyumbani nikayaweka uani. Adhuhuri nikawaita. Nikamwambia shangazi atie kidole.

Akatia kwenye la chokaa, akatia kwenye la masizi, akatoa haraka.

"Hili linafaa kwa chai," akasema, na mama akacheka kwa ndani ya chumba. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

"Ndiyo hivyo hivyo na kioo," nikasema. "Cheupe kinalirudisha jua lilikotoka. Cheusi kinalimeza, kisha kinatupa sisi. Tukipaka chokaa juu ya kioo, kwa nje, hakuna atakayeona ndani na mama hatachomeka. Mvua ikiosha tunapaka tena. Na ule upenyo tuuache, ndiko joto linakotokea."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake kidoleni.

"Mwalimu, gari si kopo. Unataka lipakwe chokaa kama miti ya barabarani siku anapopita mkubwa?"

"Afadhali mti. Mti una kivuli."

"Magari ya wakubwa umeyaona vioo vyake? Kuna hata kimoja cheupe?"

Nilikuwa na jibu jingine. Dukani tulikuwa tumegawiwa kipande cha bafta, nyeupe, nzito, na kitambaa kingine hakikuwapo mji mzima. Nikasema basi tutandike bafta juu ya kioo, tuifunge kwa kamba pembeni, tukifika tunaitoa. Nilikuwa bado naeleza ilipokuja sauti ya mama kutoka chumbani, bila hasira.

"Mwanangu, bafta ni sanda. Unataka nipite mjini chini ya sanda kabla ya siku yangu?"

Nilinyamaza. Kitambaa ni kitambaa, ningeweza kusema, lakini si kweli. Tulikuwa tumemzika baba kwa kitambaa hicho hicho. Na kaka aliushika ukimya ule kama tiketi. Akasema vizuri, shauri limekwisha, yeye anaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa na kibanda cha rangi nyuma ya soko la Ilala. Nilikwenda naye kaka ili niseme neno langu. Fundi alituamkia vizuri, akasikiliza, kisha akazungumza na kaka peke yake.

"Hii tutaipiga nyeusi kwa ndani, mvua isiiguse. Mikono mitatu, rangi juu ya rangi. Ukipita hapa, mkubwa, watu watasimama kupiga saluti."

"Na joto?" nikauliza.

"Dada, gizani kuna joto? Ingia chumbani ufunge dirisha, hupoi?"

"Napoa kwa sababu juu kuna bati na dari na hewa katikati. Hapa rangi imegusa kioo chenyewe, na kioo kiko karibu na kichwa cha mtu."

Akacheka, wala si kwa ubaya. Akachanganya rangi nyeusi na vanishi, akapaka. Kisha akakishusha kioo na kukigandisha pembe zote kwa gundi, ule upenyo ukafa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema upenyo unaingiza vumbi na vumbi litaharibu rangi. Kaka alilizunguka gari mara mbili akitabasamu. Kweli lilikuwa linapendeza. Lazima niseme na hilo.

Sitasema uongo pia kuhusu weusi wenyewe. Unazuia mwanga, na gari likiwa linakwenda huku madirisha yako wazi, hata mwenye kioo cheusi atapata nafuu kuliko kioo kitupu. Ubaya unakuja gari likisimama, likifungwa kila upande. Hapo kioo kinageuka kikaango, na aliye chini yake hana pa kukimbilia.

Siku ya kliniki tulichelewa kwa foleni ya petroli. Tulipofika Mnazi Mmoja kulikuwa na mkutano wa hadhara. Watu wamejaa viwanjani mpaka barabarani, askari akatuinulia mkono tusimame. Tukasimama. Madirisha yamefungwa, khanga zimebanwa kwa vibanio vya nguo, mama amevaa buibui lake na ushungi juu yake. Nje ngoma zinapigwa na kipaza sauti kinakoroma. Ndani harufu ya rangi ilianza kutushika koo.

"Moto unatoka juu," mama akasema.

Nikainua mkono nikashika kioo. Nilipouondoa, kiganja kilikuwa cheusi. Rangi ilikuwa imelainika. Nikavuta khanga ya upande wangu nikaanza kushusha dirisha.

Shangazi akageuka. "Funga!"

"Mama anaungua, shangazi."

"Wanaume wamejaa nje! Unataka mkutano mzima umwone? Funga, binti wewe!"

"Kaka, mwambie."

Kaka alikuwa akimtazama askari kupitia kioo cha mbele. "Si watatupisha sasa hivi," akasema. "Kaeni kimya kidogo. Watu wanatutazama."

Walikuwa wanatutazama kweli, na sauti yake ilikuwa na fahari ndani yake ambayo sijaweza kuisahau.

Mama alitapika kwenye khanga. Nikamfungua ushungi, nikampepea kwa cheti cha kliniki. Alikuwa anahema kwa mdomo. Nikamwambia avumilie, hospitali ni hapo tu mbele, mtu mzima anafika kwa miguu. Akanishika mkono ule wenye rangi.

"Nirudisheni nyumbani."

"Mama, ni hapo tu."

"Nirudisheni, mwanangu. Nitakufa humu ndani na watu wananiona."

Kaka akageuza gari. Njia ya kurudi ilikuwa wazi.

Mama hakukubali tena kuingia kwenye gari lile. Nilimwomba kaka aikwangue ile rangi, akwangue hata nusu, afungue hata pembe moja ya gundi. Akasema akikwangua kioo kitaingia mikwaruzo na kingine hakipatikani nchi nzima. Ni kweli kilikuwa hakipatikani. Kila alilosema kaka wakati ule lilikuwa na kweli ndani yake, na ndiyo maana nilishindwa kila mara. Nilimwambia mama tuende kwa miguu alfajiri, watu wachache. Shangazi akasema mjane hatembei barabarani. Nilikwenda kliniki peke yangu. Muuguzi akanionea huruma akanipa vidonge vya wiki ile. Wiki iliyofuata alikuwa mwingine.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko eda. Hawezi kutoka."

"Sasa nimpime nani, dada? Wewe?"

Nilirudi mikono mitupu. Mama alisema haidhuru, anajisikia vizuri, zimebaki wiki chache tu amalize, kisha ataenda kila siku nikitaka. Alinitia moyo yeye mimi. Nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma, watu waliokwisha kukata tamaa na herufi, nao walikuwa wakiniamini. Nyumbani nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeelewa kila neno, naye ndiye aliyekuwa hawezi kutoka.

Kiharusi kilimpata asubuhi, uani, karibu na pipa la maji. Nilisikia kata inaanguka. Nilipofika alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo umekwenda upande, jicho moja linanitafuta. Nikapiga kelele. Wakaingia waliokuwa jirani: fundi cherehani wa barazani, muuza kahawa, na wanaume wengine wawili ambao mpaka leo siwajui. Wakambeba mpaka kwenye gari la kaka. Khanga ilimvuka kichwani, nywele zake zenye mvi zikawa nje mchana kweupe, miguu imening'inia, na mtaa mzima umetoka milangoni. Shangazi alikimbia pembeni akijaribu kumrudishia khanga, ikawa inateleza. Hakuna mwingine aliyesema afunikwe. Kaka aliendesha madirisha yote yakiwa wazi, khanga za pembeni zikipepea nje, na tulifika Upanga kabla hata sijamaliza kumsomea mama dua.

Daktari alikuwa kijana. Aliuliza kama mgonjwa alikuwa akimeza dawa zake. Kaka akanitazama.

"Mweleze wewe, mwalimu."

Nikaeleza. Eda, roshani ya Kariakoo, rangi, gundi, Mnazi Mmoja. Daktari alisikiliza yote bila kunikatiza, kalamu imesimama hewani.

"Kwa hiyo aliacha kuletwa kwa sababu ya dirisha la gari?"

Kaka alitoka nje. Nilidhani amekwenda kulia, na labda alilia.

Mama alirudi nyumbani akiwa na upande mmoja, bila maneno. Eda ilimalizikia kitandani. Siku hiyo wanawake walikuja kumwogesha na kumtoa, wakamvika nguo mpya, wakamketisha kwa mito kila upande asianguke. Shangazi alipita akiwagawia ubani, akiwaambia wageni kwamba wifi yake amemaliza eda yake, ameikaa vizuri, mjane wa kupigiwa mfano. Wakaitikia mashallah. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama na kitambaa mkononi, nikimfuta mate yaliyokuwa yakitoka upande ule wa mdomo, nikifuta na yakitoka tena.